Siku ya Kuanua Tanga la Majira

Siku ya kuanua tanga la Majira, Wakesho alivaa kitenge kipya na viatu vya kuazima, maana wageni walikuwa wakubwa na yeye ndiye aliyepangiwa kubonyeza kitufe.

Asiyezijua mila za waandishi wa programu wa Kituo cha Vilio angedhani kuna binadamu aliyekufa. Hapakuwa na maiti. Majira ilikuwa moduli, kipande cha programu kilichoandikwa zamani na watu ambao sasa wengine ni vikongwe na wengine wametangulia mbele ya haki. Kazi yake ilikuwa kugeuza saa za mitambo ziwe saa za watu. Siku hizi zipo moduli mpya za kazi hiyo, za kisasa na za haraka, na Majira ilionekana imekaa tu kama mgeni asiyejua kuaga.

Lakini pale kituoni moduli haifutwi hivi hivi. Kwanza inazimwa, kisha inawekewa tanga. Msimu mzima wa vumbi inalala imezimwa na kila mtu anatega sikio. Kama kuna moduli nyingine iliyokuwa ikiitegemea, hiyo itakwama, na ikikwama italia. Kilio kikisikika, marehemu anafufuliwa kwa vicheko na aliyependekeza kumzika ananunulia wenzake soda. Asipolia mtu, tanga linaanuliwa, kahawa chungu inanywewa, na moduli inafutwa moja kwa moja. Ni mila yenye akili, na ilikwisha kuwaokoa na aibu nyingi.

Msimu huu ulikuwa ukingoni, vumbi bado halijatua, na hakuna kilicholia. Si moduli, si mtu.

"Wageni wetu," alisema Mkurugenzi Nyambu, akiwa amesimama katikati ya ukumbi na kikombe mkononi, "huko chini nyikani tuna walinzi wa visima. Maji mnayokunywa huku milimani yanatoka kwao. Vumbi likianza, barabara hazionekani na redio hazishiki. Kila mlinzi anajifungia peke yake na pampu yake mpaka vumbi litue. Ana waya mmoja tu wa kutufikia. Akipatwa na shida anabonyeza, anasema, sisi huku tunasikia na kumjibu. Asipobonyeza, hata sisi hatuwezi kumsemesha. Hicho ndicho tunachokiita kilio. Mwaka jana walilia mpaka madereva wetu wakasahau nyumba zao zina milango ya rangi gani. Na mwaka huu?"

"Kimya!" waliitikia wafanyakazi, na ukumbi mzima ukapiga makofi.

Wakesho naye alipiga, tena kwa nguvu, kwa sababu mama yake alikuwa mmoja wa hao walinzi. Bi Mghoi alistaafu biashara ya mboga akakataa katakata kukaa nyumbani, akisema afadhali vumbi la nyikani kuliko vikao vya chama cha akina mama ambako mtu huseng'enywa akienda tu msalani. Sasa alikuwa Kisima cha Kumi na Moja. Tangu milango ifungwe, Wakesho hakuwa amepata neno lake hata moja, na kila asubuhi alimshukuru Mungu kwa hilo.

Kabla ya kufuta, wageni waliomba kuonyeshwa Tandabui, chombo ambacho Wakesho alikitengeneza na kilichompa jina hata nje ya milima ya Taita. Alizima taa. Ukumbi ukajaa nukta za mwanga zilizoelea hewani, kila nukta moduli moja ya msimbo wa kituo, na kati yao mishale myembamba iliyotoka kwa kila mtegemezi kwenda kwa anayetegemewa. Mtu aliweza kutembea katikati yake. Ukiigusa nukta, mishale yake iliwaka, ukaona nani anamwegemea nani na nani akianguka ataanguka na wangapi. Majira ilikuwa pembeni kabisa, nukta ya kijivu, bila mshale hata mmoja wa kuijia.

"Maskini, hana hata jirani," alisema mama mmoja mnene kutoka wizarani, na watu wakacheka. Kisha akauliza, "Na hicho Kilio mnachokisifia kiko wapi? Mbona sikioni?"

"Tumekificha, mama," Wakesho alisema. "Kila moduli lazima iwe na mahali pa kulilia, kwa hiyo kila moduli ina mshale wa kwenda kwa Kilio, moduli inayopokea vilio vyote, vya walinzi na vya mitambo. Ukikiacha kionekane, picha yote inakuwa kama sufuria iliyounguziwa ugali. Huoni kitu. Watu wa kazi yetu wote hufanya hivyo, wanaficha kile kinachotegemewa na kila mtu."

"Mimi nimepanda mlima kuja kuona Kilio," alisema yule mama. "Niunguzie tu huo ugali."

Watu wakacheka tena, na Wakesho akacheka nao. Akaondoa alama aliyoiweka kwa mkono wake mwenyewe tangu wiki ya kwanza ya Tandabui, alama ambayo hakuna aliyewahi kuigusa tena. Mishale ikafumuka kutoka kila upande, ikakimbilia katikati, na pale katikati ikatokea nukta kubwa nyeupe iliyowaka kama karabai. Wageni wakasema "Ooo!" kwa pamoja. Wakesho aliigusa ili iwake zaidi, apate sifa zake vizuri.

Ndipo alipouona mshale mmoja unaotoka.

Mishale yote ilikuwa inaingia, ila huo mmoja ulitoka. Kilio, kinachoegemewa na wote, nacho kilikuwa kimeegemea mahali. Aliufuata mshale kwa macho. Ulipita juu ya bega la Mkurugenzi, ukakata ukumbi, ukashuka pembeni kwenye ile nukta ya kijivu.

Alisikia makofi kwa mbali. Mtu alimwambia "Haya, binti, futa tukanywe kahawa," naye akaitazama meza ya kitufe asijue mkono wake uko wapi.

"Samahani kidogo," alisema. "Mtambo una joto. Mkurugenzi, nakuomba huku ndani mara moja."

*

Chumba cha mitambo kilikuwa na baridi. Nyambu aliingia bado akitabasamu tabasamu la wageni.

"Wakesho, unaniaibisha. Nini?"

"Kilio kinaitegemea Majira."

"Haiwezekani. Tungesikia. Msimu mzima umepita, na kitu kikikwama kinalia."

"Kinalia kwa nani?"

Nyambu alisogea karibu.

Wakesho alimwonyesha kwenye kioo. Mlinzi akibonyeza, Kilio hupokea sauti yake, kisha humwomba Majira aipige muhuri wa saa. Bila muhuri, sauti haipandishwi juu. Majira imezimwa, haijibu. Na Kilio, kwa adabu kiliyofundishwa na wazee waliokiandika, hakigombi wala hakivunjiki. Kinasubiri. Kila sauti mpya inapangwa nyuma ya nyingine. Na taarifa kwamba kuna jambo limekwama inatumwa kule zinakotumwa taarifa zote za mambo yaliyokwama, yaani kwa Kilio, ambako inaingia kwenye foleni ileile na kungoja muhuri uleule.

"Tulikuwa tunasikiliza kwa sikio tuliloliziba wenyewe," alisema Wakesho.

Alifungua dirisha la foleni. Halikuonyesha sauti wala majina, maana vilio hufungwa kwa kufuli la sheria: kilio husikika mara moja tu, pale kwenye kiti cha kujibu, na hakinakiliki. Sheria hiyo ililetwa baada ya watu wasio na haya kuuza vilio vya wenzao kwenye mitandao kama burudani. Dirisha lilionyesha idadi tu. Wakesho alitarajia sifuri, au kimoja, au viwili. Aliisoma namba hiyo mara mbili.

"Mungu wangu," alisema Nyambu, akakaa chini sakafuni na suti yake. "Mungu wangu. Hawa watu wote!"

Kutoka ukumbini zilikuja sauti za vijiko na za yule mama wa wizarani akisimulia jambo.

"Mama yangu yuko huko chini," alisema Wakesho.

"Najua."

"Nimempigia makofi sasa hivi. Nimesimama pale nimepiga makofi kwamba hajalia."

Alitaka kuiamsha Majira hapo hapo, na mkono wake ulikuwa tayari njiani, Nyambu alipomshika.

"Ngoja. Ukiiamsha, foleni itajifungua kuanzia wapi?"

Wakesho alijua jibu, akatamani asingelijua. Wa kwanza kulia ndiye wa kwanza kujibiwa, ili mlinzi mwenye ndugu kituoni asipite mbele ya asiye na mtu. Na kilio cha pili hakifunguki mpaka cha kwanza kijibiwe: mlinzi aseme "nimesikia", au kama haitiki, dereva afike mlangoni kwake kwa macho yake. Sheria hiyo ilichongwa ndani ya Kilio na hapakuwa na namna ya kuipinda bila kukiandika upya. Magari ya uokozi yalikuwa matatu. Kutoka mlimani hadi kisima cha karibu, ndani ya vumbi, ilikuwa safari ya nusu siku. Vilio vya mwanzo wa msimu vingefunguka kwanza, na wengi kati ya waliovitoa, kama walikuwa na shida ya kweli, wasingeitika.

"Tutawapeleka madereva kwenye milango ya maiti," alisema Nyambu polepole, "na mtu anayekata roho leo atakuwa nyuma ya foleni, anangoja zamu."

"Tupeleke magari kila kisima bila kungoja foleni."

"Magari matatu, Wakesho. Nyika yote ile. Utaanzia wapi? Kwa mama yako?"

Neno hilo lilimchoma kwa kuwa ndilo alilokuwa akiliwaza.

"Futa foleni," alisema Nyambu. "Ifute yote, halafu uiamshe Majira. Njia itakuwa nyeupe. Aliye hai na ana shida atalia tena, tena leo hii, na tutamsikia papo hapo."

Wakesho alimtazama bosi wake. Alimjua Nyambu kwa miaka, na alimjua kuwa mtu wa kuficha chupa iliyovunjika chini ya kapeti. Foleni ikifutwa, hakuna atakayejua kwamba watu walilia na hawakusikilizwa. Kutabaki walinzi waliofariki kwa vumbi, kama ilivyo kila mwaka, na kituo kilichofanya kila kiwezalo. Lilikuwa shauri la mwoga anayejiokoa. Na lilikuwa shauri sahihi. Alilipindua huku na huku akitafuta uongo ndani yake, akaukosa.

"Aliye hai atalia tena," alisema. "Na aliyekufa?"

"Aliyekufa tutamkuta."

"Alichokisema je?"

Nyambu alitazama mikono yake. "Sijui," alisema, na mara hiyo sauti yake haikuwa ya mkurugenzi. "Hilo sijui, mdogo wangu."

Wakesho alifikiria mama yake akiongea na waya usiojibu. Kama alilia mwanzoni na sasa hayupo, sauti yake ya mwisho ilikuwa mle ndani, hatua moja kutoka kwenye kidole cha binti yake. Akiilinda, mtu mwingine mwenye mama atakufa leo akingoja zamu. Alijaribu kujidanganya kwamba angeweza kuchagua vinginevyo. Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

"Nitafuta," alisema. "Lakini sifuti kwa siri."

"Wakesho!"

"Nitafuta mbele yao."

Alimruka miguu, akafungua mlango, akaingia ukumbini. Nyambu alimfuata akimwita kwa jina, kwanza kwa ukali, kisha kwa kubembeleza. Wakesho hakupanda jukwaani. Alisimama katikati ya mishale ya Tandabui iliyokuwa bado inawaka, akasema kwamba kimya walichokisherehekea hakikuwa kimya. Watu walilia. Walilia tangu wiki za kwanza, na namba yao hii hapa. Akaitaja. Akasema ni yeye aliyekificha Kilio kwenye picha ili ipendeze, akasema ni kituo kizima kilichokubali. Akawaeleza anachotaka kufanya na kwa nini, na kwamba akishakifanya hakuna atakayesikia kamwe walichosema wale watu.

Kikombe kilianguka mahali. Yule mama wa wizarani alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Kuna mwenye njia nyingine?" Wakesho aliuliza. "Aseme. Jamani, nawaomba, aseme."

Alingoja kwa moyo wote mtu amshinde. Njia nyingine haikupatikana. Basi akaenda mezani akaifuta foleni, namba ikawa sifuri, na akaiamsha Majira.

*

Kilio cha kwanza kiliingia kabla hajakaa kwenye kiti cha kujibu, pale pale ukumbini. Kisima cha Nne: mlinzi ameangukiwa na bomba, mguu umevimba, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyebonyeza kwa mazoea tu bila tumaini, na aliposikia anajibiwa alianza kulia kama mtoto. Kisha Kisima cha Ishirini: pampu imekufa, maji ya kunywa yamekwisha. Kisha mwingine, na mwingine. Kazungu, mkuu wa madereva, aliyekuwa amekuja kula pilau na mkewe, alimwachia mke sahani akakimbia gerejini na kanzu yake ya sherehe. Magari yaliondoka yakipiga honi, na vumbi likayameza chini ya kilima.

Wakesho alijibu kila mmoja. "Nimesikia. Gari linakuja. Nimesikia." Wengine walimtukana na aliona wana haki. Nyambu alivua koti, akakaa pembeni yake akiandika njia za magari, na kwa muda ule alikuwa mtu wa maana. Hata adui yake asingemnyima hilo. Mlinzi wa Kisima cha Nne angepona. Yule wa Ishirini vilevile. Foleni ya zamani ingewaua, hilo lilikuwa wazi kwa kila aliyekuwa ukumbini, na mtu mmoja alimgusa Wakesho begani akamwambia amefanya vyema.

Kisha taa ya Kumi na Moja ikawaka.

"Haloo. Mghoi huyu. Kuna mtu leo, au bado nasalimiana na ukuta?"

Nyambu alimsogezea kipaza sauti.

"Mama. Ni mimi. Nimekusikia."

"Wakesho? Kumbe uko hapo? Siku zote hizi uko hapo?"

"Uko mzima, mama? Niambie uko mzima."

"Mimi mzima, nina kikohozi tu. Punguza kulia, nataka tusikizane." Nyuma yake pampu ilikuwa inaguna. "Ni huyu jirani yangu, Ekiru, wa Kisima cha Tisa. Kichujio cha hewa cha nyumba yake kiliziba, akaja huku akipapasa bomba ndani ya vumbi. Alifika kifua kimekwisha. Nikampa kitanda, nikawalilia. Nikawalilia tena. Nikasema hawa watoto wa mlimani wamelala, lakini sauti zinafika, watakuja."

"Mama..."

"Ngoja nimalize. Juzi akajua haponi. Akaniomba kitufe. Akasema, hii ni ya wanangu, wapelekeeni kama ilivyo. Akaongea, Wakesho. Aliongea kwa muda mrefu, na mahali fulani akacheka, yule yule aliyekuwa hana pumzi. Alfajiri ya leo akatutoka. Nimemfunika na kanga yangu." Alikohoa. "Gari likija sawa, lisipokuja pia tunangoja, yeye hana haraka tena. Mimi nimebonyeza kuuliza jambo moja tu. Maneno yake yamewafikia watoto?"

Ukumbi mzima ulikuwa unasikia. Nyambu aliinamisha kichwa. Mkono uliokuwa begani kwa Wakesho uliondoka taratibu.

"Nimeyafuta, mama."

"Umefanya nini?"

"Nimeyafuta. Mimi mwenyewe, sasa hivi. Palikuwa na watu wanaokufa, njia ilikuwa imeziba, ilibidi... Yamefutika, mama. Hayarudi."

Pampu iliendelea kuguna upande wa pili. Wakesho alisubiri kugombezwa, na angeshukuru kugombezwa.

"Basi yaseme wewe," Wakesho alisema upesi, akavuta karatasi ya Nyambu, akageuza upande usioandikwa. "Ulikuwepo. Niambie unavyoyakumbuka, hata kama si yote, nitayaandika. Nitawapelekea watoto wake kwa mkono wangu mwenyewe, nakuapia. Sema tu, mama. Alianza vipi?"

"Mwanangu," alisema Bi Mghoi, na sauti yake ilikuwa imeshuka sana, "alizungumza Kiturukana. Mimi nilikuwa nimemshika mkono tu."